Misimu imeisha, krediti 24 bado: msaada upi umalizie shahada Marekani?

Mwanariadha anayesoma Marekani kwa ufadhili wa michezo anaweza kufuata kila kanuni, asifeli hata somo moja, akamaliza misimu yake minne ya kukishindania chuo, na bado asiwe na shahada mkononi. Wala hajazembea. Kanuni zenyewe zinaruhusu hivyo. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo nchini humo, humtaka mwanamichezo wa Divisheni I, daraja la juu la michezo hiyo, awe amefikisha asilimia 40 ya masomo ya shahada yake anapoingia mwaka wa tatu, asilimia 60 anapoingia mwaka wa nne na asilimia 80 anapoingia mwaka wa tano. Shahada nyingi za kwanza ni krediti 120 (krediti ni kipimo cha uzito wa somo). Piga hesabu: asilimia 80 ni krediti 96. Zinabaki 24, yaani mihula miwili mizima ya krediti 12 kila mmoja. Ukishamaliza misimu yako, hakuna kanuni inayosema krediti hizo zitalipiwa na nani.

Kwa mtoto wa Ohio au Georgia, hilo ni usumbufu. Anarudi kwao, anatafuta kazi, anasoma jioni somo mojamoja mpaka amalize. Kijana aliyetoka Iten, Mbulu au Kapchorwa kwa viza ya mwanafunzi hana nafasi hiyo. Hawezi kusoma somo moja kwa muhula huku akifanya kazi mjini, hawezi kuomba mkopo wa wanafunzi wa serikali kuu ya Marekani, na ada anayotozwa ni ile ya mgeni. Tuseme chuo kinatoza dola 1,000 kwa krediti. Deni lake ni dola 24,000 kabla hajala wala hajalipa kodi ya chumba. Wengi wanarudi nyumbani na medali za mkutano wa vyuo, yaani kundi la vyuo vinavyoshindana pamoja, na karatasi ya matokeo isiyo na shahada, na baada ya hapo hakuna mwajiri Nairobi au Dar es Salaam anayeuliza ulikimbia dakika ngapi.

Misaada ipo, na imeongezeka sana tangu mwaka 2014. Lakini haifanani, na ule unaosifiwa zaidi si lazima uwe ndio unaokufaa. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: kwa mwanariadha wa kigeni, mwaka mmoja wa ziada unaolipwa palepale chuoni, viza ikiwa bado hai, una thamani kuliko ahadi ya kurudi ndani ya miaka 10. Nitaeleza kwa nini, na pia ni nani asiyepaswa kunifuata katika hilo.

Mwaka wa ziada palepale chuoni

Huu ni msaada wa zamani, na hautangazwi sana. Msimu wako wa mwisho umekwisha mwezi Juni, lakini idara ya michezo inaendelea kulipa ada yako muhula wa Agosti, pengine na wa Januari, ili umalize. NCAA inaruhusu. Zaidi ya hapo, mtu aliyemaliza misimu yake hachukui tena nafasi kwenye timu. Kocha hapotezi mkimbiaji mpya kwa kukulipia wewe. Kinachohitajika ni fedha tu kwenye bajeti.

Hapo kwenye bajeti ndipo mambo yalipobadilika. Tarehe 6 Juni 2025 Jaji Claudia Wilken aliidhinisha makubaliano ya kesi ya House dhidi ya NCAA, iliyofunguliwa na wanamichezo. Tangu tarehe 1 Julai mwaka huo vyuo vinaweza kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa masomo wa 2025–26. Ukomo wa idadi ya skolashipu uliondolewa kwa vyuo vilivyoingia katika makubaliano hayo, ukawekwa ukomo wa idadi ya wachezaji: 45 kwa timu ya riadha, 17 kwa mbio za nyika. Futiboli ya Kimarekani na mpira wa kikapu ndiyo michezo inayoingiza fedha, na ndiyo inayotangulia kwenye foleni ya mgao. Riadha inangoja nyuma. Mwaka wa tano ambao zamani mkurugenzi wa michezo aliupitisha bila maneno mengi, leo unashindana na matumizi mengine mengi. Kwa hiyo usingoje mpaka Mei ya mwaka wa nne. Ombi liwe mezani kwa kocha na kwa ofisi ya kanuni, ile inayosimamia ufuataji wa kanuni za NCAA chuoni, kabla ya Krismasi ya mwaka huo, na jibu liwe la maandishi.

Kuna hoja moja ya kuweka mezani ambayo makocha wanaielewa haraka. Kila timu ya Divisheni I hupimwa kwa alama ya maendeleo ya masomo, ile wanayoiita APR. Mwanamichezo mwenye ufadhili huiingizia timu pointi kwa kubaki na sifa za kucheza, na pointi nyingine kwa kubaki chuoni au kuhitimu. Timu yenye alama ya chini huweza kunyimwa mashindano ya mwisho wa msimu. Na hata aliyeondoka bila shahada, akirudi akahitimu, timu hupata pointi ya kuhitimu kwa kuchelewa. Ukienda kuomba mwaka wa tano, usiende kama mtu anayeomba hisani. Nenda na nakala ya matokeo yako, orodha ya masomo yaliyobaki iliyotiwa saini na mshauri wa masomo, na tarehe utakayohitimu. Kocha akiona krediti 24 zimepangwa vizuri katika mihula miwili, anajua anachonunua.

Kasoro ya njia hii ni moja na ni kubwa: chuo hakilazimiki. Baadhi hulipa ada bila chumba na chakula. Baadhi hukutaka ufanye kazi ndogo idarani: kusaidia kituo cha masomo cha wanamichezo, kupanga vifaa, kuandika muda siku za mashindano. Hilo si baya, ila kumbuka mwenye viza ya F-1, yaani ile ya mwanafunzi, haruhusiwi kuzidisha saa 20 za kazi ndani ya chuo kwa wiki wakati wa muhula. Saa zihesabiwe na ofisi ya wanafunzi wa kigeni izijue.

Ruzuku ya NCAA ya kumalizia shahada

NCAA yenyewe ina mfuko wa kumalizia shahada kwa watu wa Divisheni I, uliokuwepo tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Sharti lake kuu linaendana vizuri na hesabu yetu ya mwanzo: uwe umemaliza muda wako wa kupata ufadhili wa michezo, na usiwe umebakiza zaidi ya krediti 30 kufikia shahada. Mtu wa krediti 24 anaingia. Anayesoma kwa muda wote hulipiwa kiasi kinacholingana na ufadhili kamili wa chuo hicho. Anayesoma masomo machache hulipiwa ada na vitabu tu. Waliocheza Divisheni II wana mfuko wao tofauti, wenye masharti yake.

Jambo zuri hapa ni kwamba anayeamua si kocha wako. Kama mliachana vibaya, au kocha aliyekuleta kahamia chuo kingine na mpya hakujui, ombi lako bado linasomwa na watu wasio na kinyongo. Unaandika hali yako ya fedha, unaambatanisha matokeo, unaeleza unataka kufanya nini na shahada hiyo. Idara ya michezo inahusika katika kuthibitisha, kwa hiyo usiikimbie.

Jambo baya ni kwamba ni ushindani. Waombaji ni wengi kuliko fedha, na jibu linaweza kuja wakati chuo kinataka ada ilipwe wiki ijayo. Ichukue kama nguzo ya pili. Omba, lakini usiache kumfuata kocha kwa sababu umeomba.

Ahadi ya kurudi

Juni 2014 Indiana University ilitangaza kwamba mwanamichezo wake aliyekaa angalau miaka miwili na kuondoka kwa sifa nzuri anaweza kurudi wakati wowote maishani kumaliza shahada ya kwanza, chuo kikilipa ada na vitabu. Agosti mwaka huohuo Maryland ikaja na yake. Muda si mrefu mikutano ya Big Ten na Pac-12 ikafuata kwa namna zake. Kabla ya hapo hali ilikuwa ngumu: kuanzia mwaka 1973 hadi 2012 skolashipu ya Divisheni I ilitolewa kwa mwaka mmoja mmoja, na kocha aliweza kutoihuisha. Mtu aliyekuwa hana uhakika wa mwaka ujao asingeota kuhakikishiwa maisha.

Hatua ya pili ilikuja na kikapu. Baada ya kamati iliyoongozwa na Condoleezza Rice, waziri wa zamani wa mambo ya nje wa Marekani, kutoa ripoti yake Aprili 2018, NCAA iliamua kwamba kuanzia Agosti 2019 vyuo vya Divisheni I viwalipie ada, malipo mengine ya chuo na vitabu wachezaji wa kikapu waliokuwa na ufadhili, waliokaa angalau miaka miwili, wakirudi chuo kilekile ndani ya miaka 10. Mtanzania anayefuatilia kikapu ataona mara moja maana yake. Hasheem Thabeet alitoka Dar es Salaam, akacheza University of Connecticut misimu mitatu, akachaguliwa wa pili katika NBA na Memphis Grizzlies mwaka 2009. Kijana anayeondoka leo kwa njia hiyo, baada ya miaka mitatu chuoni, anaondoka na haki ya kurudi iliyoandikwa. Mwaka 2009 haki hiyo haikuwepo kwenye kanuni.

Kisha, kuanzia tarehe 1 Agosti 2024, ikawa ya michezo yote ya Divisheni I: fedha za kumalizia shahada kwa hadi miaka 10, kwa waliokuwa na ufadhili kamili. Siku hiyohiyo zilianza kinga nyingine: bima ya matibabu ya majeraha ya michezo kwa angalau miaka miwili baada ya kuondoka, na kuzuia ufadhili usifutwe kwa sababu za kimichezo kama kiwango kushuka au kuumia. Kwa mkimbiaji aliyevunjika mfupa wa muundi mwaka wa tatu, hili la mwisho ni kubwa kuliko miaka 10 yote.

Sasa rudia sharti: ufadhili kamili. Hadi makubaliano ya 2025, timu ya wanaume ya riadha na mbio za nyika ya Divisheni I iligawana skolashipu 12.6 kwa pamoja, na ya wanawake 18. Timu ina watu 30, 40 au zaidi. Kocha aligawa vipande: huyu asilimia 60, yule 40, mwingine vitabu tu. Nyota wa mbio ndefu kutoka Kenya mara nyingi alipewa kamili, lakini wengi hawakupewa, na wengine walianza na nusu wakapanda baadaye. Kama barua yako ya ufadhili inaonyesha asilimia 70, ahadi ya kitaifa ya miaka 10 inaweza isikuguse kabisa, hata kama wenzako wa kikapu wanaifurahia. Vyuo vingine vina ahadi yao pana kuliko ya NCAA, na hiyo ndiyo ya kuulizia kwa jina la chuo, si kwa uvumi wa wakimbiaji wenzako.

Na kama una haki hiyo kamili, bado kuna suala la kuishi. Ahadi nyingi za kurudi zinagusa ada, malipo ya chuo na vitabu. Mtu wa miaka 32 mwenye watoto wawili Eldoret anarudi Indiana kulala wapi?

Kwa kutazama kwa haraka:

| Msaada | Anayeufaa zaidi | Unalipa nini | Unaamuliwa na nani |
|---|---|---|---|
| Mwaka wa ziada chuoni | Aliyebakiza muhula mmoja au miwili, viza ipo | Hutegemea mapatano; mara nyingi ada, wakati mwingine na chumba | Kocha na mkurugenzi wa michezo |
| Ruzuku ya NCAA | Aliyebakiza krediti 30 au chini ya hapo | Kamili kwa anayesoma muda wote. Ada na vitabu kwa anayesoma masomo machache | Kamati ya NCAA |
| Kurudi ndani ya miaka 10 | Aliyekuwa na ufadhili kamili akaondoka kwenda kucheza kwa malipo | Ada, malipo ya chuo, vitabu | Chuo, kwa mujibu wa kanuni |
| Fedha za uzamili | Aliyekwisha kuhitimu | Kiasi maalumu, au ada na posho ya kazi | Kamati, idara au profesa |

Viza ndiyo inayopanga matokeo

Makala nyingi za Kimarekani kuhusu jambo hili haziligusi, kwa sababu waandishi wake hawajawahi kupanga foleni ubalozini.

Ukiwa bado chuoni, fomu yako ya I-20, ile inayotolewa na chuo kwa ajili ya viza ya mwanafunzi, ina tarehe ya mwisho. Ukihitaji mwaka wa tano, tarehe hiyo lazima iongezwe kabla haijafika, na ofisi ya wanafunzi wa kigeni inataka sababu ya kimasomo au ya kitabibu, pamoja na ushahidi wa fedha. Kubadilisha kozi kuu au kupoteza krediti kwa kuhama chuo ni sababu zinazoeleweka. Kuchelewa kwa sababu ulikuwa chini ya onyo la kitaaluma haikubaliki peke yake. Barua ya idara ya michezo inayosema italipa ada yako ndiyo ushahidi wa fedha wenyewe, na ndiyo maana mwaka wa ziada na viza vinakwenda pamoja: kimoja kinakifungulia kingine. Agosti 2025 serikali ya Marekani ilitoa pendekezo la kuwawekea wanafunzi wa F-1 muda maalumu usiozidi miaka minne kwa kila ruhusa, badala ya kukaa kwa kadiri masomo yanavyoendelea. Anayepanga mwaka wa tano aanze mazungumzo na ofisi hiyo akiwa mwaka wa tatu.

Muhula wa mwisho una nafuu yake. Kwa kawaida lazima usome krediti 12, lakini muhula wa kuhitimu unaweza kuruhusiwa kusoma zile tu zilizobaki, mradi uombe kwanza na angalau somo moja lisiwe la mtandaoni.

Ukishaondoka, hesabu inabadilika kabisa. Kukaa nje ya masomo zaidi ya miezi mitano kunakulazimu uanze upya: I-20 mpya, malipo mapya, mahojiano mapya ubalozini. Ofisa wa ubalozi hajali kwamba uliwahi kuwa bingwa wa mkutano wa vyuo. Anatazama mtu mzima anayetaka kurudi kusoma muhula mmoja, na anajiuliza kama atarudi kwao. Ahadi ya miaka 10 inalipa ada. Viza haikupi.

Kuna hasara nyingine isiyosemwa. Mwanafunzi wa F-1 anayehitimu akiwa Marekani anaweza kuomba ruhusa ya kufanya kazi kwa miezi 12 katika fani yake, na waliosoma sayansi, teknolojia, uhandisi au hisabati wanaweza kuongezewa miezi 24. Anayemalizia masomo ya mtandaoni akiwa Eldoret au Arusha anapata shahada ileile, lakini dirisha hilo la kazi halipati. Mwaka mmoja wa ziada chuoni kwa hiyo unaweza kubeba hadi miaka mitatu ya uzoefu nyuma yake. Hapo ndipo ninaposimamia msimamo wangu.

Barua mbili mezani

Tuseme una ofa mbili. Chuo cha kwanza ni kikubwa, cha mkutano wenye jina, na kinakupa ufadhili kamili. Cha pili ni cha kati, kinakupa asilimia 80, lakini kocha ameandika kwamba atalipia muhula wa tisa na wa kumi ukihitaji, na kwamba masomo ya majira ya joto yatalipwa kila mwaka.

Kwa juu juu cha kwanza kinashinda, na kwa mtu mwenye mpango wa kukimbia kwa malipo mapema, kinashinda kweli: anaweza kuondoka mwaka wa tatu, akatafuta riziki barabarani na kwenye viwanja, akarudi kabla ya miaka 10 kuisha. Kwa anayetaka shahada ngumu, uuguzi au uhandisi, ofa ya pili inastahili kutazamwa mara mbili. Masomo ya kliniki na maabara hayapangiki kirahisi na safari za mashindano, na mwaka wa tano karibu hauepukiki. Sally Kipyego alisoma uuguzi Texas Tech huku akishinda mataji ya taifa ya vyuo. Kazi ya namna hiyo haifanyiki bila ratiba inayoheshimiwa na pande zote.

Lakini tazama zaidi yale majira ya joto. Krediti sita kila kiangazi kwa viangazi vitatu ni krediti 18. Zile 24 tulizoanza nazo zinabaki sita. Kiangazi kinacholipwa tangu mwaka wa kwanza kinapunguza hitaji la kuomba chochote mwishoni. Ukiniuliza swali moja la kumuuliza kocha kabla ya kusaini, ni hili: nani analipa masomo yangu ya kiangazi? Makocha wengi watakuambia mengi kuhusu viatu, uwanja na urefu wa mji kutoka usawa wa bahari. Lirudishe swali.

Kwa anayepitia chuo cha miaka miwili kwanza, kama wakimbiaji wengi wa Kenya walivyopita Texas, Iowa na Arizona, kuna la ziada. Saa ya NCAA ya miaka mitano inaanza siku unayojisajili kwa muda wote chuo chochote. Na krediti zote hazihami nawe. Vyuo vingi vinataka angalau robo ya shahada isomwe kwao. Omba tathmini ya krediti iandikwe kabla ya kuhama, somo kwa somo.

Ukishapata shahada ya kwanza

Wapo wanaohitimu kwa wakati na swali lao ni uzamili. Skolashipu ya uzamili ya NCAA ipo tangu 1964: tuzo 126 kwa mwaka, 21 kwa wanaume na 21 kwa wanawake katika kila moja ya misimu mitatu ya michezo, dola 10,000 kila moja. Inataka GPA, yaani wastani wa alama, isiyopungua 3.2 na chuo kikuteue katika mwaka wako wa mwisho wa kucheza. Ni heshima kubwa kwenye wasifu, lakini dola 10,000 hazimalizi uzamili wa mgeni.

Hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani katika kesi ya NCAA dhidi ya Alston, Juni 2021, majaji 9 kwa 0, ilifungua mlango mwingine. NCAA haiwezi tena kuvizuia vyuo kutoa manufaa ya kielimu kama ufadhili wa uzamili, mafunzo ya ufundi, au mafunzo ya kazi yenye malipo baada ya kumaliza kucheza. Haikuvilazimisha, iliondoa kizuizi tu. Chuo kinachotaka kukupa kinaweza.

Ninachompendekezea mkimbiaji wa kigeni ni nafasi ya msaidizi wa idara, wa kufundisha au wa utafiti, au msaidizi wa ukocha: ada inafutwa na posho inalipwa kila mwezi, kazi ikiwa ndani ya chuo na ndani ya saa 20. Inategemea profesa au kocha anayekufahamu, na umeshakaa miaka minne mbele ya macho yao. Mike Boit, mshindi wa shaba ya mita 800 Munich 1972, alianzia Eastern New Mexico, akaenda Stanford, akamaliza shahada ya uzamivu University of Oregon, kisha akarudi kufundisha Kenyatta University. Hakuna kifurushi kimoja kilichompitisha njia yote hiyo. Ni hatua iliyofuata hatua.

Kama tayari uko nyumbani

Hapa ushauri wangu wa mwaka wa ziada haukufai, kwa hiyo uuweke kando. Kwako njia ya kurudi na ruzuku ya NCAA ndizo zilizobaki, na bora zaidi ni kuziunganisha na masomo ya mtandaoni. Mtu anayesoma akiwa Kenya au Tanzania hahitaji viza hata kidogo, wala hana kodi ya chumba ya kulipa Marekani. Tatizo la viza na tatizo la kulala vinatoweka kwa pamoja.

Anza kwa msajili wa chuo, si kwa kocha. Omba nakala ya matokeo na hesabu mpya ya shahada, kwa sababu mahitaji ya kozi yako huenda yamebadilika tangu uondoke. Uliza ni krediti ngapi kati ya zilizobaki zinapatikana mtandaoni, na kama unaweza kuhamia shahada ya jumla inayohesabu masomo yako yote ya zamani. Krediti zilizobaki huweza kupungua kwa hatua hiyo moja. Deni la zamani la maktaba, nyumba au faini likiwepo, lilipe kwanza, maana linaweza kufunga usajili mzima. Kabla ya kulipa ada yoyote, wasiliana na TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) ukiwa Tanzania, au mamlaka ya kutambua vyeti vya nje ukiwa Kenya au Uganda, ujue jinsi sehemu iliyosomwa mtandaoni inavyotazamwa.

Baada ya hapo andika kwa idara ya michezo, ukimtaja mkurugenzi na ofisi ya kanuni, hata kama kocha wako ameondoka zamani. Taja mwaka ulioingia, mwaka ulioondoka, kiwango cha ufadhili wako kila mwaka, krediti zilizobaki na tarehe ya kuhitimu. Ambatanisha barua za ufadhili za zamani kama bado unazo. Uliza mambo mawili kwa wakati mmoja: kama unaingia katika ahadi ya kurudi ya chuo au ya NCAA, na kama chuo kitaidhinisha ombi lako la ruzuku ya kumalizia shahada. Aliyeondoka miaka tisa iliyopita amebakiza muda mfupi ndani ya miaka 10, na maombi ya muhula wa Agosti hushughulikiwa miezi mingi kabla yake.